Mwanamume Asiyeoshwa Damu

Mphathiseni Mthembu aliporudi kijijini kwao Msinga kutoka vitani Kongo, baba yake, mzee wa kanisa, alikodi hema na spika kwa sherehe ya kumpokea. Zamani mwanamume aliyeua vitani hakuvuka lango la kwao. Alilala nje, akala kwa kijiko ili mkono usiguse chakula, akatapishwa na kuoshwa kwa dawa, ndipo akapewa mtoto amshike. Wenye kuijua dawa hiyo wamekufa karibu wote. Watoto wao wanauza maji ya rangi kwenye chupa, na watu wananunua.

Basi mzee akamshika mwanawe mkono, akamwingiza moja kwa moja, akamnyooshea Okuhle amshike, binti yake aliyezaliwa yeye akiwa vitani. Mphathiseni alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa moto.

Tangu siku hiyo alilala bandani na mbuzi. Maziwa ya mgando hakuyagusa, na ugali aliula kwa kijiko, kama ilivyokuwa desturi. Mkewe, Zibuyile, alimcheka: "Bwana mkubwa, siku hizi ugali unauma vidole?"

Alimwomba baba yake amtafutie mganga wa kumwosha. Mzee akasema damu ya Yesu ilikwisha kumwosha, na ushetani wa waganga hauingii nyumbani mwake.

Majirani wakanong'ona kwamba ameacha mwanamke Kongo. Maneno hayo yakamwingia Zibuyile. Mchana mmoja, mzee akiwa kanisani, alimfuata bandani, mtoto mgongoni.

"Baba Okuhle, kama una mwanamke, sema. Mtoto huyu amekukosea nini?"

"Niliua," alisema Mphathiseni.

"Wangapi?"

"Sijui wote. Mmoja namjua. Alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Akainua macho, akanisalimia. Alidhani mimi ni mmoja wao."

Zibuyile, ambaye awali alimcheka, alikaza kanga iliyombeba mtoto. Akarudi nyuma polepole hadi akawa nje ya mlango. Mphathiseni aliona, akaitikia kwa kichwa.

Jioni Zibuyile alipiga magoti mbele ya baba mkwe, akamsihi akubali mumewe aoshwe. Mzee alifungua Biblia, akamsomea mpaka uji ukapoa.

Haikupita wiki, Mphathiseni akaenda kambi ya jeshi, akaomba aingizwe katika kikosi kinachorudi Kongo.

"Huko hakuna atakayenipa mtoto nimshike," alimwambia mkewe.

Zibuyile hakumzuia. Alimfungia chakula cha njiani, akakiweka chini mbele yake. Hakumkabidhi mkononi.