Siku Programu ya Muziki Ilipotusemea kwa Wakwe

Aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu hapa Marangu imeshasimuliwa na wengine, na wameanza kuongeza chumvi, eti nilikimbia kujificha mgombani, wakati mgombani nilikwenda kwa sababu maalumu.

Nilikuwa nazihamishia kwenye kompyuta kanda za kwaya za marehemu baba, moja baada ya nyingine, nikawa natafuta programu ya kuzipanga na kuzipiga kwenye spika ya sebuleni. Nilijaribu tatu kwa wiki tatu, kila kitu nikiandika daftarini (mke wangu anasema siku moja nitamwandikia ripoti ya ugali). Ya kwanza ilitaka mtandao muda wote, na huku mlimani mawingu yakishuka mtandao nao unaondoka. Ya pili ilizibandika kanda za baba majina ya wanamuziki ambao baba asingekaa nao meza moja. Ya tatu ilinipendeza, ila mwanzoni iliniuliza: ikusanye sauti za folda ya nyimbo tu, au zote zilizomo kwenye kompyuta? Nikawa na hamu ya kujua itaokota nini, nikachagua zote.

Jumamosi wakaja watu wa Tarakea kumposa Neema, binti wa mdogo wangu Elifuraha. Walikuja kwangu kwa kuwa sebule yangu ni kubwa, wamebeba pombe ya mbege, wakiongozwa na mjomba wa kijana, mzee wa maneno machache. Elifuraha akaninong'oneza, "Kaka, weka kwaya za baba, ziwalainishe." Kanda zile hazikuwa na majina, hivyo programu ilikuwa imezitia kwenye fungu la "Mwimbaji hajulikani". Nikalifungua, nikabonyeza wimbo niliouhamisha juzi, nikaketi, nikaanza kukaza mahari: mbuzi sita, hapungui hata mmoja.

Wimbo ule ukaisha vizuri. Kisha spika ikasema, kwa sauti ya Elifuraha: "Kaka, kesho tuseme sita. Wakinung'unika tukohoe tu. Ila wakifika wawili tukubali upesi, maana Neema amemwambia mama yake hamtaki mwingine, na mimi nimechoka kuishi na mtu aliyenuna."

Ulikuwa ujumbe wa sauti alionitumia jana yake (simu yangu hunakili kila kitu kwenye kompyuta, mpango niliouweka mwenyewe na kujisifu). Nikarukia kompyuta, na badala ya kuzima nikabonyeza kwenda mbele, na mbele kulikuwa na jibu langu: "Sawa. Mimi nitajifanya nimekasirika, wewe unitulize."

Nikachomoa waya ukutani. Neema, aliyekuwa mlangoni na sinia la ndizi, aliliweka chini akarudi jikoni analia. Hapo ndipo nilipoelewa: wageni wakiondoka wakijiona wamefanywa wajinga, mtoto wa watu anakosa mume kwa ajili ya udadisi wangu.

Basi nikaenda mgombani, mpakani, nikachuma jani la isale, ambalo kwetu Wachagga ukimpelekea uliyemkosea, ni vigumu akunyime msamaha. Nikampa yule mzee kwa mikono miwili.

"Mzee, tumewakosea. Programu hii niliichagua mwenyewe."

Akaligeuzageuza lile jani. "Uliichagua kwa muda gani?"

"Wiki tatu, mzee."

"Inasikika vizuri," akasema. "Kila neno nimelipata." Wenzake wakaanza kucheka chini chini, na Elifuraha akakohoa kweli, bila kupanga. "Isale nimelipokea. Na bei ya mbuzi wawili nayo nimeipokea. Mwiteni binti aje ale."

Nakiri kwamba wageni hawajafika hata barabarani nilikuwa nimeshafungua kompyuta kuchunguza fungu lile lilipangwaje (kwa tarehe, ndiyo maana jibu langu lilifuata ujumbe wake). Programu bado naitumia, ila sasa inasoma folda moja tu. Na kwa kuwa kutoka kwangu hadi kwa Elifuraha ni hatua themanini na mbili, nimezihesabu, neno lolote la ukoo nampelekea kwa miguu.