Baba Yake Shemasi

Kappianaq ni mwanamke, dereva wa gari la maji, na ni baba yake shemasi Lazarusi. Kwetu, huku kaskazini kwenye barafu, jina la marehemu hupewa mtoto, wa kike au wa kiume haidhuru, na undugu huja pamoja na jina. Baba yake Lazarusi alipofariki, Kappianaq akazaliwa, akalibeba jina. Tangu msichana huyo akiwa mgongoni kwa mama yake, Lazarusi alimwita Baba, na kila alipoua sili, mnyama wa baharini, ini lilikuwa la Baba.

Kisha Kappianaq akamleta Siasi, mwanamke mwenzake, kutoka mji wa Iqaluit, wakaishi kama mume na mke. Midomo ikafunguka.

"Eti, nani anawinda na nani anashona?" walimzomea dukani.

Lazarusi alipanda hadi redio ya kijiji, akatangaza kwamba uchafu umeingia na kwamba yeye hana baba tena. Kappianaq alivumilia yote isipokuwa hilo.

"Waniite watakavyo," aliniambia. "Lakini yule ni mwanangu."

Siku moja ya kula sili nyumbani kwa Arnaujaq, mama yake Lazarusi, tulipiga magoti kuizunguka nyama sakafuni. Lazarusi alikata ini, akalipitisha puani pa Kappianaq, akampa mtu mwingine.

"Wewe mwanamke, mchukue mwenzio mtoke."

Tuliendelea kukata nyama. Waoga wakubwa, nami nikiwemo.

"Mume wangu anakwenda wapi?" akauliza Arnaujaq, bibi kizee ambaye macho yake hayaoni vizuri.

"Mama, huyo si mumeo!"

"Jina la mume wangu utanifundisha wewe? Na huyo aliye naye ni nani?"

"Siasi, bibi," akajibu mwenyewe.

"Kumbe nimeletewa mke mwenza! Umechelewa, dada. Njoo ule."

Wachache tulicheka. Lazarusi alitupa kisu, akasema hali chakula na mashetani, akavaa koti. Nusu ya watu waliinuka kumfuata. Nilimchukia siku ile, na bado namchukia.

Alipofungua mlango, upepo ukaingia na theluji. Kappianaq hakuinua hata kichwa.

"Mwanangu, kofia."

"Ndiyo, Baba," akajibu, na mkono ulikuwa umeshafika kichwani.

Uso wa Lazarusi ukaiva.

"Shetani mkubwa wewe!" akafoka, akaubamiza mlango.

Kappianaq alikuwa analia.

"Umemsikia?" aliniuliza.

Nilimsikia. Wote walimsikia.