Ini la Baba Ndani ya Sumaku

Altrasaundi ya wilayani ilisema ini la baba limejaa vinundu. Ya Singida mjini ikasema hivyo hivyo, ikaongeza kwamba kimoja hakieleweki. Tukaambiwa twende Dodoma kwa kipimo cha MRI, chenye dawa ya kuchomwa mshipani. Nikashuku. Vipimo viwili vilishindwaje, na nani anafaidika na cha tatu?

Daktari wa Dodoma alinieleza. Ini la baba lilikwisha kusinyaa kwa homa ya ini ya miaka mingi, na ini la namna hiyo huota vinundu vingi visivyo na neno. Saratani hujificha humo. Dawa ikiingia, saratani huwahi kuinywa ikang'aa pichani, kisha hufifia huku ini lililobaki bado linang'aa. Ikikamatwa ndogo, inatibika. Ikichelewa, mgonjwa anarudi na sisi hatuna la kumfanyia.

"Na figo zake? Dawa hiyo haitaziumiza?"

"Tumezipima jana. Ziko salama."

"Kazipima nani?"

Baba akacheka. "Daktari, nisamehe. Nilisomesha mtoto, nikapata wakili wa upande wa pili."

Mlangoni kwa mashine, dada wa zamu akamwamkia shikamoo, akaanza kumhoji. Ana chuma mwilini? Hana. Amewahi kupasuliwa? Hapana. Amewahi kufanya kazi ya kugonga au kukata chuma?

"Mimi mkulima," baba akasema.

Kwetu Sekenke wote ni wakulima. Mgeni wa ofisi akiuliza, hata mtu aliyetoka shimoni asubuhi hiyo, vumbi la mwamba bado liko kwenye nyusi, atajibu kwamba analima mtama. Wageni wa ofisi hawajawahi kuja machimboni na heri. Baba alipasua mwamba wa dhahabu kwa nyundo na tindo tangu sijazaliwa.

"Kwa nini mnauliza hilo?" nikamwuliza yule dada.

"Mashine ni sumaku. Kama kipande cha chuma kilimrukia kikabaki jichoni, kinaweza kusogea kikampofua."

Nikamgeukia baba. Akatazama ukuta.

"Baba, hawa si watu wa ofisi ya madini."

"Umejuaje?"

Nikamwambia yule dada, "Amegonga tindo miaka mingi."

"Umeniuza," baba akasema kwa Kinyiramba.

Wakampiga kwanza eksirei ya macho. Hayakuwa na chuma. Ndipo akaingizwa.

Majibu yalipotoka, daktari alitugeuzia kioo cha kompyuta. Kwenye picha ya kwanza kile kinundu kiling'aa. Kwenye iliyofuata kilikuwa doa jeusi. Saratani, akasema, moja, na bado ni ndogo. Nikainamia kioo nikitafuta kosa.

"Hiki hakiwezi kuwa kivuli tu? Na hizi picha, mna uhakika ni zake?"

"Acha," baba akasema. Akavuta kiti chake karibu na meza ya daktari. "Mnaanza lini kunitibu?"