Mkono wa kushoto wa Qabale

Leo nimechomwa sindano mara tatu, na ile ya tatu niliiomba mwenyewe.

Nimelazwa hapa Isiolo kwa homa. (Msiogope, naendelea vizuri.)

Asubuhi alikuja Qabale, mwanafunzi wa unesi, kuniwekea dripu. Ilikuwa siku ya mtihani wake. Mwalimu alisimama nyuma yake na kalamu.

Akachoma, akaukosa mshipa. Akachoma tena, akaukosa.

"Ukikosa mara nyingine, unarudia mtihani," mwalimu akasema.

Sindano binti alikuwa ameishika kwa mkono wa kulia. Lakini plasta nilimwona akiikata kwa kushoto, vizuri kabisa.

"Binti yangu," nikamuuliza, "kwani wewe ni wa kushoto?"

"Ndio, Baba. Lakini wewe ni mzee. Nitakushikaje na kushoto?"

Kumbe alikuwa ananiheshimu mimi, huku anaanguka mtihani!

Nikamwambia, "Siku tuliyofukuzwa kwetu, kuna mtu aliniokoa kwa kunivuta juu ya lori. Mpaka leo sijui alitumia mkono gani. Nichome."

Akahamisha sindano. Mara moja tu, mshipa ukapatikana.

Mwalimu akaandika alama, akacheka. "Mzee, umemsaidia mwanafunzi wangu."

"Nimeusaidia mkono wangu," nikamjibu.

Sasa nimelala hapa nawaza. Mwanangu wa pili, ambaye leo ni mtu mzima, pia alizaliwa wa kushoto. Nilimchapa vidole mpaka akahamia kulia.

Jioni nitampigia simu.

Nyinyi mngeanza na neno gani?