Kivuli Hakishikiki

Mshonaji alikuwa na kinyongo, wala hakukificha. Mwaka uliopita alishona vitambaa vitatu vya kupapasa, ili wasioona nao wazijue picha za jumba la sanaa. Siku ya ufunguzi, mkuu wa jumba akasimama mbele ya watu, akasema, "Kazi yangu hii." Mshonaji alikuwa mlangoni na ufagio wake, maana ajira yake pale ni kufagia. Watu walipiga makofi, yeye akaendelea kufagia.

Safari hii mkuu hakumwita. Aliagiza ubao wa plastiki wenye mistari iliyoinuka, wa picha ya mwanamke aliyebeba ndoo, jua likimpiga mgongoni. Kabla ya kufungua maonyesho akamwalika mdogo wa yule mshonaji, fundi simu aliyepofuka zamani, aje kuujaribu.

Fundi akapitisha vidole polepole. Alipofika chini akasita.

"Mkuu, huyu wa pili kaanguka au kalala?"

"Wa pili yupi? Yuko mmoja tu."

"Na huyu anayekanyagwa? Ana kichwa, ana miguu, na ndoo yake kabisa."

Mkuu akainama. "Aa! Hicho kivuli chake."

"Kivuli? Mzee, nimekanyaga vivuli miaka ishirini, sijajikwaa hata kimoja."

Mshonaji akaegemeza ufagio ukutani. Hakuombwa. Akatoa mkobani kitambaa alichokishona nyumbani: mwanamke wa turubai nene, ndoo ya kipande cha plastiki cha ndoo ya kweli, upande wa jua sufu, upande wa kivuli satini tupu isiyo na nundu.

Fundi akapapasa, akatabasamu. "Huyu ni mmoja. Nyuma yake kuna joto, mbele pamepoa. Hapa ndipo kivuli kilipo, dada?"

"Hapo hapo."

Mkuu akanyoosha mkono. Mshonaji akakikunja kitambaa, akakibana kwapani.

"Mwaka jana ulinila mbichi, mkuu. Mwaka huu hakitundikwi mpaka kibao cha chini yake kiwe na jina langu."

"Mama, kusoma hujui. Utajuaje nimeandika nini?"

"Mimi sijui. Huyu anajua. Andika kwa nukta nundu, asome kwa vidole."

Alasiri kibao kikaletwa. Fundi akakipitia kwa kidole, akarudi mwanzo, akakipitia tena.

"La mkuu limo, dada. Lako halimo."

Mkuu akakohoa. "Aliyekichonga kakosea."

"Basi na kitambaa kimekosea njia," mshonaji akasema, akachukua mkoba wake. "Kinarudi nyumbani."

Alikuwa amefika ngazi za nje mkuu alipomkimbilia. Kibao cha pili kikachongwa yeye amekaa pale pale, mkoba mapajani. Fundi akakisoma kwa sauti, herufi moja moja.

"Ni wewe, dada. Na jina la baba limo. Mkuu hayumo."

Ndipo mshonaji alipopanda ngazi ya mbao akakitundika kitambaa kwa mkono wake mwenyewe. Kinyongo cha mwaka jana hakikuisha, na hakujisingizia kwamba kimekwisha. Alimwambia tu mkuu aishike ngazi vizuri.