Uzito wa Mahali Patupu

Mwaka ule nilichoka mpaka kuchoka kwenyewe kukanichosha. Mchana nilifundisha fizikia sekondari, jioni nilisahihisha madaftari kwenye chumba changu cha kupanga Bondeni, na katika nafasi iliyobaki, kwa miaka saba, niliandika tasnifu ya udaktari kuhusu kitu ambacho hakipo. Ndivyo mama alivyowaambia wenzake: "Binti yangu anasomea patupu." Walicheka, naye akacheka, halafu akaongeza kwa majivuno kwamba bado kidogo tu nitaitwa daktari.

Hakukosea sana. Chukua mahali popote, ondoa kila kitu: hewa, vumbi, hata mwanga. Fizikia ya kwanta inasema hapo patupu hapatulii. Kunabaki mitetemo midogo isiyozimika, na kila mtetemo una nishati yake. Wengi tunashuku kwamba nishati hiyo ndiyo inayousukuma ulimwengu uzidi kutanuka, na kipimo chake tunakiita konstanti ya kosmolojia. Shida ni kwamba ukijumlisha mitetemo yote kwenye karatasi, jibu lako linalizidi lile linalopimwa angani kwa mara nyingi mno: andika moja, kisha ufuatishe sifuri zaidi ya mia. Sijui hesabu nyingine yenye aibu kubwa namna hiyo. Mimi nilidai kwamba chembe za aina moja huongeza, za aina nyingine hupunguza, zinafutana, na baki lake ni dogo kama lile la angani. Msimamizi wangu aliridhika. Siku ya kuitetea tasnifu ikapangwa.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilikuwa nasahihisha mitihani, nikaandika pembeni mwa karatasi moja kwa wino mwekundu: "Usitupe baki kabla hujalipima." Nikaisoma tena sentensi yangu. Nikaiacha mitihani, nikafungua kompyuta. Kwenye sura ya nne nilikuwa nimetupa kipande kimoja cha mlinganyo kwa maelezo kwamba ni kidogo mno. Sikuwahi kukipima. Nilipokikokotoa kilitoka kikubwa kuliko jibu langu zima.

Hakuna aliyekiona. Msimamizi alikipita, watahini walikipita, na nilijua hata siku yenyewe wangekipita. Nakiri kwamba kilichonijia kwanza hakikuwa huzuni. Kilikuwa uvivu. Nani atayarudia haya yote?

Jumamosi nikaenda kwa mama. Ni Mkisi, mfinyanzi kama wanawake wengi wa kabila lake. Baba, mkulima wa mpunga wa Ndandalo, alipofariki, mama alirudi kwao ufukweni mwa ziwa. Nilimkuta anatoa vyungu kwenye majivu. Mwanamke mmoja kutoka Ikolo alikuwa amekaa pembeni akisubiri chungu kikubwa cha harusi ya bintiye.

Mama hugonga kila chungu kwa kifundo cha kidole, ametega sikio. Kizima hulia. Chenye ufa, hata ule usioonekana, hujibu kwa sauti butu. Kile kikubwa, kilichonakshiwa kikapendeza kuliko vyote, kilijibu kwa sauti butu. Mteja hakusikia kitu. "Kizuri hicho, mama, nakichukua," alisema. Mama akakigonga tena, akakinyanyua, akakipigiza kwenye jiwe.

"Nimekivunja mwenyewe," alisema.

Kwa wafinyanzi walionilea, neno hilo hufunga mjadala. Mteja haulizi, jirani hacheki, na vigae hutwangwa vikachanganywa kwenye udongo mpya. Mwanamke wa Ikolo aliguna tu, akauliza arudi lini.

Mfinyanzi hulia gaeni, wanasema, na mchana ule kwetu haikuwa methali. Samaki na ndizi vilikuwa kwenye nusu ya chungu cha zamani. Nikamweleza mama. Nilimweleza vizuri, kama ninavyofundisha, mpaka nikafika kwenye baki nililolitupa.

"Hakuna aliyeliona?" aliuliza.

"Hakuna."

"Basi si unyamaze, mwanangu."

Nilimkodolea macho. "Mbona wewe hukunyamaza leo?"

"Mimi nimevunja chungu. Cha siku chache. Wewe unataka kuvunja miaka saba." Aliacha kula. "Nimeshamwambia mchungaji. Kwaya wameshajua wimbo. Nitawaambia nini kanisani?"

Kisha akalia, na mimi nikalia. Niliumia kwa ajili yake kuliko nilivyoumia kwa ajili ya chembe na mitetemo yote. Yeye hakuwahi kuelewa patupu ni nini. Alichokuwa nacho ni mtoto anayekaribia kuitwa daktari, na nilikuwa namnyang'anya.

Hata hivyo nilimwandikia msimamizi palepale, kwenye simu, mistari minne: kosa liko wapi, ukubwa wake, na kwamba naomba tasnifu iondolewe. Mtandao ulisuasua. Nilisimama majini mpaka magotini, mkono juu, mpaka ujumbe ukaenda. Niliporudi mama alikuwa anatwanga vigae. Hakuniangalia. Nikachukua mchi wa pili, tukatwanga mpaka vikawa unga.

Kesho yake tukaenda kanisani pamoja. Ibada ilipokwisha, kiongozi wa akina mama alitujia mbio, mikono wazi.

"Ndaga fijo, asante sana, Bwana ni mwema! Mwalimu, shukrani yetu tuiweke Jumapili ipi?"

Kabla sijajibu, mama alinishika kiwiko. Tangu jana alikuwa hajanigusa.

"Hakuna shukrani," alimwambia. "Kilikuwa na ufa. Amekivunja mwenyewe."

Yule kiongozi alitutazama, mmoja kisha mwingine. Naye ni mfinyanzi. Aliteremsha mikono taratibu, akanipa mkono wa salamu, na hakuuliza zaidi.