Dawa Isiyomuua Mwonjaji

Katika miaka ya hamsini, kwenye dirisha la zahanati moja ya Iringa, nilimwona bibi akikataa vidonge vya salfa. Mjukuu aliyekuwa mgongoni mwake alikuwa na homa ya mapafu, mbavu zikibonyea kwa kila pumzi.

"Onja kwanza," alimwambia dresa, mhudumu aliyegawa dawa. "Kwetu mwenye pombe huonja mbele ya mgeni."

Dresa alimeza kimoja, akapanua mdomo. Bibi alimkagua toka utosini hadi viatuni.

"Hujafa. Basi hata mdudu wa homa hatakufa. Na kama inaua mdudu, mtoto itamwachaje?"

Foleni nzima tulisogea dirishani, maana hoja haikuwa na tundu, na mtoto alikuwa akikoroma.

"Bibi, mdudu huyu kuna chakula anachojipikia mwenyewe," dresa alisema, jasho likimtoka. "Dawa inaziba jiko lake. Mimi na wewe hatuna jiko hilo. Chakula hicho tunakipata tayari kwenye majani ya maboga."

"Kwa hiyo hafi leo. Anakufa njaa."

"Ndiyo, Bibi. Usiruke hata kidonge kimoja."

Bibi akasaga kidonge cha kwanza, akamnywesha mtoto, akaketi benchini kungoja.

Jiko hilo wataalamu huliita kimeng'enya, na hesabu yote ya dawa ni kulipata lile alilonalo adui peke yake. Mimi niliyeijua hesabu hiyo tangu chuoni nilihesabu pumzi za mtoto kwa saa yangu mara saba, na mara zote saba nikaogopa.

Siku ya tatu nilirudi, nikamkuta mtoto akililia uji.

"Unasikia?" bibi alimwambia dresa. "Njaa imemalizana na mdudu, sasa imehamia kwetu."